Ibambala Mtandao Upo

Ibambala, Urambo
6 Oktoba 2024

Kwa mume wangu Xavery,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani. Sisi wazima, ukiacha goti langu la kulia ambalo limeamua kuzeeka bila kuniuliza. Wewe hujambo? Mkeo Advera hajambo? Mwambie bado namwazima tu, mume mwenyewe ni wangu mimi niliyekubeba mgongoni.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na mnara wenu bado unafanya kazi. Lakini kila nikikupigia, bibi yako, uko kikaoni. Sijui ni kikao gani hicho kisichokwenda hata chooni. Barua haina kitufe cha kukata. Mustafa wa lori la asali atakupa mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone umefungua.

Jana wamebandika tangazo la kampuni yenu ya Mwangwi pale dukani. Limeandikwa kwa adabu mpaka linatia kichefuchefu. Eti "wateja wetu wapendwa". Eti kampuni imerudisha serikalini ile dhamana ya kuhudumia vijiji visivyo na faida, kwa hiyo mnara wetu unazimwa mwisho wa Desemba. Sasa niambie wewe msomi. Serikali iliwapa fedha mjenge mnara kwa sharti la kutuhudumia. Mkachukua, mkajenga, mkapiga picha na mbuzi wetu. Leo mmeshiba, mnarudisha sahani na kujifuta mdomo. Hivi hamna hata aibu ya kuazima?

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wako Levina. Ana mimba tena, ya miezi mitatu. Wakubwa mnasahau upesi, basi nakukumbusha: kwa mtoto wa kwanza damu ilikataa kukatika. Nesi wa zahanati akapiga simu, gari la wagonjwa likaja kutoka Urambo mjini, na daktari akatuambia wangechelewa kidogo tungerudi na maiti. Akasema mimba inayofuata inaweza kuleta mambo yaleyale. Bila simu, Levina anazaa kwa kubahatisha.

Wewe ndiye mtu wa mahusiano hapo Tabora. Wewe ndiye uliyekuja huku Agosti na gari lenye nembo. Waambie wauache mnara. Nataka jibu, sitaki hotuba.

Mkeo mkubwa,
Bibi Apolinaria


Tabora
19 Oktoba 2024

Kwa bibi yangu mpendwa,

Shikamoo bibi. Natumaini mu wazima wa afya na kazi za mashamba zinaendelea vizuri. Mimi na Advera hatujambo. Pole na goti. Barua nimeipata, Mustafa alinisimamia mlangoni kama polisi.

Bibi, naomba nikueleweshe taratibu, maana mambo haya ni ya kitaalamu kidogo. Kimsingi kampuni haiwakimbii wananchi, inajipanga upya. Mnara wa Ibambala unakula dizeli kuliko unachoingiza. Utaratibu unaruhusu kampuni kurudisha dhamana hiyo kama mahali hapo pana kampuni nyingine inayoshika. Na Ibambala ipo.

Hilo sijalitunga mimi. Nilipokuja Agosti niliuliza mkutanoni, mbele ya watu wote, kama mtandao wa ile kampuni nyingine unapatikana. Mwenyekiti Raymundi alisimama akasema upo, tena wa uhakika. Nikapelekwa kuoneshwa. Mlipiga vigelegele, bibi, na sauti yako niliitambua. Niliandika nilichoambiwa na wananchi wenyewe. Sasa leo mkigeuka, mimi nitaonekana mtu wa namna gani kwa wakubwa zangu?

Tena, kwa upendo tu, niseme: watu wa vijijini mmezoea sana kuletewa. Changamoto ndiyo fursa. Mkijiunga wengi kwenye kampuni ile nyingine, nayo itavutiwa kuongeza nguvu.

Kuhusu Levina usiwe na wasiwasi. Siku zikikaribia mleteni kwangu. Nyumba yangu ya Itetemia ina nafasi, na hospitali ya Kitete haiko mbali. Milango yangu iko wazi kwa mtu yeyote wa nyumbani.

Mjukuu wako,
Xavery Marko
Afisa Mahusiano, Kanda ya Magharibi


Ibambala
2 Novemba 2024

Xavery,

Marahaba. Sisi wazima. Leo sikuiti mume, utaniwia radhi. Utani hufanywa na mtu unayemtambua, na barua yako nimeisoma mara mbili sikumtambua aliyeiandika. Umesaini na cheo! Mimi niliyekutawaza, niliyekutoa funza miguuni kwa pini, unaniandikia "Kanda ya Magharibi". Haya, Kanda, nisikilize.

Umesema tulisema. Ndiyo, tulisema. Ulisimama katikati ya mkutano na kizibao chako kinachong'aa, ukauliza kama mtandao mwingine upo. Tangu lini mtu wa Ibambala akamjibu mgeni "hatuna"? Chumvi ikiisha tunapita uani kuazima kwa jirani, mgeni asijue. Wali uliokula siku ile mchele wake ulitoka nyumba tatu, na nyama ilikuwa jogoo wa mwinjilisti Amon. Wewe ulikula ukijua, kwa sababu umekulia kwenye nyumba hizohizo na ulikuwa ndiye unayetumwa na kikombe.

Raymundi alijibu vile ili kijiji kisiaibike mbele ya gari la serikali, maana wengi hata hawakujua kwamba ni gari la kampuni. Tulidhani mkituona tumechangamka mtaongeza. Mtu anayeposwa anasema anajua kupika! Ndipo tukakupeleka nyuma ya kanisa la Moravian, kwenye kile kichuguu. Amon akapanda juu, akanyoosha mkono na simu mpaka kwapa likaonekana, kimstari kimoja kikatokea, kikapotea. Tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mjukuu wangu alikuwa amekuja kikazi, nilijisikia mkubwa. Nawe ukacheka ukasema "safi sana", ukaandika.

Mgeni wa kutoka mbali angedanganyika, ningemsamehe. Wewe ulijua kichuguu si mtandao. Ulichukua heshima yetu kwa mgeni ukaenda kuiuza kama ushahidi. Na bado una mdomo wa kuniambia tumezoea kuletewa. Nani aliletewa? Nguzo za uzio wa ule mnara walibeba vijana wetu bure, eti nguvu za wananchi.

Rudi kwa wakubwa zako useme ulikosea. Mnara haujazimwa bado. Kama hujui namna ya kuanza, anza hivi: "Nilidanganya."

Na Levina kuja kwako, umefikiri kweli? Tumbaku iko kitaluni, inataka kuhamishiwa shambani. Mumewe Deus yuko porini anatundika mizinga. Haya, tuseme aje. Asnath, mke wa Amon, ana mimba iliyotangulia ya Levina. Naye aende wapi? Au wajawazito wote wa Ibambala wahamie sebuleni kwako?

Nangoja.

Bibi yako,
Apolinaria


Ibambala
26 Januari 2025

Xavery,

Hatujambo, wale tuliobaki.

Barua yangu ya Novemba hukuijibu. Mnara mliuzima siku ileile mliyoandika. Kwa kuzima mko wepesi.

Asnath amefariki Alhamisi, yeye na mtoto. Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha. Nesi alipoona damu inazidi akashika simu kwa mazoea, akaanza kupiga, ndipo akakumbuka. Amon akakimbilia kichuguuni. Tulimpa simu zetu zote, akajaribu moja baada ya nyingine, anateleza kwenye tope, anapanda tena, analia kwa sauti. Hakuna kilichoshika. Deus akaondoka na pikipiki kwenda Urambo kulifuata gari. Kwenye daraja maji yalikuwa yamefurika, akazunguka. Gari lilipofika vijana walikuwa wanachimba kaburi.

Levina ndiye aliyemshika Asnath kichwa mpaka mwisho.  Tangu siku ile anakaa na mikono tumboni, na mimba yake imebakiza miezi miwili na ushee.

Sikuandikii uje kuzika, tumeshazika. Nakuandikia ujue. Jogoo uliyemla Agosti, Asnath ndiye aliyemchinja na kukupikia.

Apolinaria


Tabora
20 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Poleni sana kwa msiba mzito. Nimechelewa kujibu kutokana na majukumu, tulikuwa na semina Dodoma. Advera alilia aliposoma. Tumemwombea marehemu Asnath kwenye jumuiya yetu.

Rambirambi nimeituma kwa simu, kwenye namba yako. Utaiona pale mtandao utakaposhika. Tafadhali mfikishie Amon.

Bibi, naelewa mna uchungu, lakini tusitafute mchawi. Kifo ni mipango ya Mungu. Daraja si la kampuni, mvua si ya kampuni. Suala la kusema nilidanganya haliwezekani, faili lilishafungwa, na mimi nina familia. Nikufahamishe pia, nadhani utafurahi, kwamba nimechaguliwa mfanyakazi bora wa kanda kwa kusimamia kufungwa kwa minara yenye hasara bila malalamiko kutoka kwa wananchi. Nimepewa cheti na picha yangu imewekwa ukutani pale mapokezi. Ni heshima ya ukoo wetu wote.

Kuhusu Levina, ahadi yangu iko palepale. Milango iko wazi. Mleteni wakati wowote mnaoona unafaa, hakuna haja ya kuniuliza kwanza. Hapa ni nyumbani.

Mjukuu wako,
Xavery


Ibambala
2 Machi 2025

Xavery,

Wewe na mkeo hamjambo? Sisi tunaendelea.

Rambirambi yako haijaonekana na sijui itaonekana wapi. Mtu mzima na akili zake, anazima simu ya kijiji halafu anatuma pole kwa simu. Nilimsomea Amon maneno yako. Hakutukana, ni mtu wa Mungu. Aliomba nirudie pale penye "bila malalamiko", nikarudia, akachukua jembe akaenda shambani.

Bila malalamiko! Tungelalamika kwa kutumia nini?

Barua hii amekuletea Levina mwenyewe, sasa hivi yuko mbele yako. Usimshangae kwa kukonda, mpe kiti. Halafu toka nje uangalie lori la Mustafa. Wale unaowaona ni wajawazito wa Ibambala waliokaribia, wote, Wakatoliki, Wamoravian na Waislamu. Umeandika kwa mkono wako kwamba milango iko wazi kwa mtu yeyote wa nyumbani na kwamba hakuna haja ya kuuliza. Nimewasomea. Walikuwa hawaamini kwamba Xavery wa Marko ana roho nzuri hivyo, nikawaambia ameahidi mara mbili.

Hawatakusumbua sana. Wamekuja na unga, nsansa za majani ya kunde yaliyokaushwa, michembe ya viazi, karanga, mikeka na beseni zao. Wanalala chini. Usiku mmoja wao akishikwa na uchungu utaamka, utatafuta bajaji, utampeleka Kitete, utakaa kwenye benchi mpaka mtoto alie. Halafu utarudi kumngoja mwingine. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inafanywa na ule mnara wenu wa hasara. Uifanye wewe sasa, mfanyakazi bora.

Raymundi nimemketisha mbele na dereva. Tangu Asnath azikwe hali chakula vizuri, anasema ni mdomo wake ulioua. Anataka kwenda ofisini kwenu pamoja na akina mama hawa, asimame pale mapokezi chini ya picha yako, awaambie wakubwa zako Ibambala mtandao hakuna. Nimemwambia asichoke, aende kila siku na matumbo yale wayaone. Usijaribu kumzuia.

Advera mwombe radhi kwa niaba yangu. Yeye hana kosa na atachoka sana. Mwambie Levina asilale chali, na akitokwa na damu hata kidogo asingoje kuche.

Nakudharau, Xavery. Nalisema wazi ili usije ukadhani ni hasira za mzee. Ninapoandika hivi nalia, maana ingekuwa rahisi kwangu kumdharau mtoto wa mtu mwingine. Lakini Levina akirudi huku mzima na mtoto wake mgongoni, nitakaa chini nifikirie upya, nikiwa bado na pumzi.

Wengine mimba zao bado changa, watakuja mwezi wa tano. Ukiona nyumba haitoshi, ukataka niwazuie wasipande lori, wala usihangaike kuandika. Nipigie tu simu.

Bibi yako,
Apolinaria