Ruhusa ya Sauti Yako, Nsimire

Rubondo, kambi ya wakimbizi ya Nakivale

Mdogo wangu mpenzi Nsimire,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na wote wa pale nyumbani Walungu. Mguu unaendeleaje? Binti yako Furaha aliniambia kwamba siku hizi yeye ndiye anayekupikia, wewe unatoa amri tu kutoka kwenye kiti. Nilifurahi. Mimi bado niko, lakini moyo umechoka. Daktari wa Mbarara alinipa dawa huku akitazama meza. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote. Najua kwa nini mtu hutazama meza.

Ningeweza kupiga simu, ila ungelia, nami nisingemaliza. Nina jambo la kukuomba, na kabla yake nina la kuungama.

Unaukumbuka ule wimbo wako wa kuhesabu, niliourekodi kwenye kaseti Furaha akiwa mtoto? Nilikimbia nayo. Nguo zilipotea njiani, kaseti ikafika. Juzijuzi Hajati Zainabu, mama wa Mbarara mwenye duka la kompyuta jirani na ninapotibiwa, aliuhamishia wimbo huo kwenye kompyuta. Yeye na mimi tunatengeneza programu ndogo ya kuwafundisha watoto wetu wa hapa kuhesabu kwa Mashi, lugha yetu, maana wamezaliwa huku na wanaisikia nusunusu. Tunataka iwe huria, yeyote ainakili na kuwapa wengine bila kuomba.

Hajati akasema haitoki kabla ya kukaguliwa. Kuna mtambo kwenye intaneti: unapakia mafaili yako yote humo, nao mtambo unayapitia moja moja, kisha unakwambia kila faili ni ya nani na mwenyewe ametoa ruhusa gani. Tulipakia, umeme ukakatika, tukapakia tena. Majibu yakaja. Michoro yangu ya mbuzi na ndizi, sawa. Maandishi, sawa. Wimbo wako: ruhusa haikupatikana.

"Mzee, huyu mama anaimba ni nani?" Hajati akauliza.

"Ni mudogo yangu."

"Alikubali?"

"Ule hawezi kunikatalia."

"Banange! Hiyo si ruhusa, ssebo. Hata marehemu bwana yangu alisema hivyo juu ya mbuzi zangu."

Alipokwenda kuswali, nilifanya jambo. Niliandika: "Mimi, Nsimire, ninaruhusu sauti yangu itumiwe na watu wote." Nikaiweka faili hiyo kando ya wimbo, nikapakia upya. Mtambo ukakubali, mdogo wangu. Kila kitu sawa. Hajati aliporudi akapiga makofi: "Hee! Dada amejibu mbio!"

Sikuweza kucheka naye. Nikamwambia ukweli, tukalifuta lile neno. Mtambo unasoma maandishi tu, haujui yametoka kinywani mwa nani. Mimi nilijua. Nisamehe.

Na kuna hili pia. Katika barua zangu zote nimekuandikia kwamba nimezoea maisha ya huku. Sijazoea. Hajati alishauri tumtafute mwanamke mwingine hapa Rubondo auimbe, kazi ipite. Nilikataa, na si kwa ajili ya watoto. Ni kwamba kabla ya kufika saba unacheka, na nyuma yako Mama anasikika akifukuza kuku. Kila niendapo Mbarara namwomba Hajati aufungue, najifanya nakagua. Yeye hunipa kiti, anageukia wateja wake. Kwa muda ule wa wimbo niko uani kwetu, na Mama yuko.

Sasa nakuomba. Ukikubali, sauti yako itakwenda kwa watu usiowajua, na hatutaweza kuirudisha. Ukikataa nitaiondoa, wala sitanung'unika. Fikiri kwanza.

Nisalimie Furaha anayekusomea haya, na shemeji yangu, na mchungaji wetu wa zamani kama bado anapanda kilima kwa miguu yake. Msalimie pia yule anayelima shamba la Mama, hata kama hanijui.

Jibu lako Furaha aliandike, maana mtambo unataka maandishi. Lakini wewe litamke, yeye airekodi sauti yako kwenye simu anitumie, hata kama ni hapana. Mtambo haujui kusikia. Mimi ningali nasikia.

Usichelewe.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Deo