Mama Solange, Makopo Yako Yalichanganywa

Mama Solange, mama yangu wa kazi,

Bado nashindwa kuamini. Asubuhi ile ulinituma kwenye kiduka cha spaza nikuletee chumvi. Narudi, majirani wamejaa uani, na wewe umelala kando ya mashine yako ya kuchanganyia raba kama mtu aliyechoka tu. Presha, wakasema. Mimi nimeshika chumvi. Mpaka leo nikiingia karakana nakusalimia.

Imani ameota jino. Ananing'ata nikimnyonyesha. Ungecheka wewe.

Nakuandikia kwa ajili ya ile oda ya soli za viatu vya shule. Baada ya mazishi Solange alisema tuimalize. Unamjua mwanao, Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kizulu. Siku hiyo alijikaza: "Anti, ukiweza, tunaendelea. Ukishindwa, nauza mashine." Na kweli, mtu wa kuinunua alishakuja kuipima kwa kamba. Mashine ikiondoka, mimi na Imani tunakula nini hapa mtaani La Rochelle?

Nikafanya vile vile ulivyonifundisha. Punje za plastiki kwanza, mpaka ziyeyuke. Raba mbichi, vipande vipande. Masizi, halafu mafuta kidogo kidogo, maana ulisema yakizidi soli inatoka jasho. Nikasubiri mashine ibadili sauti. Mkono wako niliusikia begani kabisa: "Hapana haraka, mutoto. Sikia mashine kwanza." Ndipo nikatia kiberiti cha unga, na ule unga mweupe wa zinki, upawa mmoja.

Mama, kabla sijanyoosha mkono kuchukua dawa ya kuharakisha raba iive, mashine ikaunguruma, ikakaza. Moshi. Nilipofungua, raba imeiva mabongemabonge, inameguka kama ukoko wa ugali ulioungua. Haikuwahi hata kutawanyika ndani ya plastiki. Na wewe ulisema raba ikishafungwa na dawa hairudi nyuma, hata uiyeyushe vipi. Imeivaje, na dawa sijaitia?

Nikageukia rafu. Kopo la dawa ya kuharakisha lilikuwa tupu, limeoshwa, limepinduliwa kama sufuria.

Nikainusa zinki. Zinki haina harufu, wewe mwenyewe ulinifundisha. Hii ilinichoma pua kwa uchungu.

Nikakimbia kwa Mama Furaha, yule wa kanisani kwenu, maana yeye na wenzake ndio waliosafisha karakana wageni wa matanga wapate pa kukaa. Akanijibu kwa furaha, maskini: "Ee, tuliona unga ni mumoja tu, mweupe na mweupe, tukaweka pamoja. Kopo nayo tukasafisha muzuri."

Dawa inayotakiwa kijiko kimoja cha chai, mimi nimeitia kwa upawa nikidhani ni zinki. Sikujua nicheke au nilie. Nilimshukuru, nikanywa chai yake, nikaondoka.

Solange nilimwambia kila kitu. Akachukua ufunguo wa gari, tukaenda kutafuta zinki mpya na dawa mpya. Nikapika tena. Safari hii sauti ilishuka, ikatulia, na nilipotia dawa ikapanda taratibu, bila kuruka, mpaka ikasimama pale pale ulipokuwa ukisema "eeeh" na kuzima.

Soli ya kwanza ilipopoa Solange aliikunja mpaka ncha zikagusana. Akaiachia, ikarudi. Akaikunja tena, muda mrefu. Halafu akampigia simu yule mtu wa kamba, akamwambia kwa Kizulu asije.

Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mama alikuwa anasikia nini kwa mashine?" Nikajaribu kumweleza. Tulikaa chini wote wawili, kwenye sakafu.

Mama Solange, sikukuaga. Basi leo nakuaga. Lala salama, mikono yako imepumzika. Nakuahidi, Solange nitamfundisha mpaka ajue mwenyewe wakati wa kutia dawa. Na akina mama wa kanisani sitawaambia kamwe walichofanya. Walisafisha kwa kukupenda. Acha wabaki hivyo.

Ni mimi, Mama Imani.