Fyuzi Mfukoni mwa Shemeji

Shemeji wangu mpendwa, kaka wa mke wangu na mmaliza nyama zangu,

Dada yako anataka tukusomee hitima. Anasema miaka imetosha. Ukoo wote unaningoja mimi nikubali, nami siketi nikakalika: nainuka, natoka hadi barabarani, narudi, natoka tena.

Unakumbuka kile kiwanda cha Bugolobi tulichokuwa tukikitia umeme, enzi za wanajeshi? Kebo nene kama paja lako, tena si paja zuri. Tuliipaka sabuni, wewe unaisukuma kwenye bomba, mimi naivuta upande wa pili, nawe unanipigia kelele, "Polepole, shemeji! Utamvunja kiuno!" Kabla sijagusa nyaya kuzifunga, nilikuwa nauliza, "Amekufa?" Nawe kwenye swichi, fyuzi umezitia mfukoni, unajibu, "Amekufa! Nimemuua mwenyewe!" Kwetu Kampala hata umeme ni mtu.

Siku ile askari akapita akasikia.

"Wewe naua nani hapa?"

"Umeme, afande."

"Umeme iko na mama? Fufua yeye sasa hivi! Mkubwa nataka taa."

Mimi nilikuwa chumba cha pili, mikono yote miwili ndani ya sanduku la umeme, nyaya ziko uchi. Nikasikia kofi. Nikakusikia, "Afande, shemeji yangu ameshika. Akitoka, nafufua." Kofi la pili. Hukuzitoa fyuzi. Nilichomoa mikono nikakimbia, lakini nilipofika mlangoni gari lilikuwa linakata kona, nawe umo ndani.

Nilikwenda kambini kuuliza mpaka wakanitisha. "Hayuko," basi. Hakuna aliyesema umekufa. Sasa niseme mimi? Wewe ulikataa kuwasha kabla ya kujua nimetoka. Mimi nikuzime kwa kukisia? Mjinga wewe, ungewapa tu, tungekuwa na marehemu mmoja wa uhakika, tukala pilau tukamaliza!

Lakini dada yako amechoka, shemeji. Mlango ukigongwa, anaacha chungu kinaungua. Jana nimewaambia sawa, wasome Ijumaa. Apumzike yeye. Mimi mkekani sikai. Nitakuwa uani, kwenye masufuria.

Ukifika katikati ya dua, pita mlango wa nyuma. Usimkasirikie mtu. Kula kwanza.

Mimi, mume wa dada yako