Pikapu Tuliyoiombea

Alhamisi

Afadhali nimesema. Tangu asubuhi nilikuwa nazunguka ile pikapu ya Mzee Kilonzo nikitafuta maneno.

Aligonga punda barabara ya Mutomo, akatoka bila hata mkwaruzo. Jumapili kanisa lote tuliizunguka gari, tukaiwekea mikono, tukashukuru. Nilisema amina kama wengine. Leo ameileta nibadilishe shoki za magurudumu tu, kwa sababu inavuta kushoto, na Jumamosi anabeba kwaya kwenda Mtito Andei.

Shoki hazina makosa. Nilipima chini na kamba, kutoka kona ya mbele hadi ile ya nyuma upande wa pili, halafu nikageuza. Mara ya pili kamba haikufika. Nikamwambia chesisi, ile fremu inayobeba gari lote, imepinda.

"Lakini tuliiombea, fundi," akaniambia.

Mkono wangu pia ulikuwa kwenye boneti siku hiyo.

Nikampa ncha moja ya kamba. Akaingia chini na koti lake safi, akapima mwenyewe, akarudia. "Asi!" akashangaa. Alipotoka alimpigia simu kiongozi wa kwaya, akamwambia watafute gari ingine.

Nilidhani ataondoka nayo. Akanipa funguo.

Naogopa kidogo. Chuma ikivutwa vibaya inapasuka, na hiyo haina kurudi nyuma.

Kesho tunaifunga cheni tuinyooshe. Mzee anataka kuja kuomba kwanza. Nimemwambia aje, lakini safari hii aombee mikono yangu.