Pembe ya Tanga Niliyoishona Vibaya

Jumatano, Nachingwea. Joto kali. Mawingu yamekusanyika tangu asubuhi upande wa Lionja lakini mvua hakuna, na mji mzima unanuka mabibo.

Leo nyumba imekuwa kubwa mno.

Kwa siku tisa sebule yangu ilijaa tanga. Nilitoa makochi barazani ili nilitandaze, na bado ncha yake iliingia chumbani hadi chini ya kitanda. Lilitumwa kwa basi kutoka Mtwara na Hassani, mume wangu. Yeye ni seremala; hapa mjini hutengeneza milango na vitanda. Mwezi wa sita aliitwa Mtwara kubadilisha mbao zilizooza kwenye mashua ya Mfaransa mmoja. Kazi ya wiki tatu. Kazi ya mbao ilipoisha ikaja ya kuziba nyufa, kisha mlingoti. Mwishowe yule Mfaransa akamwambia hawezi kwenda mpaka Shelisheli bila fundi ndani ya mashua.

Hassani akakubali. Mimi nilipata habari jibu likiwa limeshatolewa.

Kazi yangu ni kushona maturubai ya kuanikia korosho, ndiyo maana tanga lililochakaa lililetwa kwangu. "Mikono yako naiamini kuliko ya fundi yeyote wa huku," aliniambia kwenye simu. Nikasema sawa. Mimi huwa nasema sawa.

Jumamosi uzi uliniishia, nikaenda Ruangwa kwa fundi viatu anayeuza uzi mnene. Akauliza, "Turubai la korosho hilo, dada?" Nikaitikia ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kumweleza mtu nisiyemjua kwamba mume wangu anaondoka miezi mitano, na binti yetu Salma yuko shule ya bweni, na nitabaki na cherehani.

Sasa niandike nilichokifanya niliporudi.

Pembe ya chini ya tanga, pale kamba inapofungwa, ndiyo inayobeba nguvu ya upepo. Inataka mishono mitatu ya uzi ule mnene. Nikapiga mmoja tu, kwa uzi wa kushonea sare za shule, na juu yake nikaweka kiraka kizuri. Ukitazama huoni kitu. Nilijua watalijaribu karibu na bandari kwanza. Litachanika palepale, nikawaza, safari itaahirishwa, pepo zitageuka, atarudi nyumbani.

Siku mbili nilipika, nikala peke yangu, nikalala. Mshono ule ulikuwa bado uko pale.

Jana mchana, tanga likiwa limeshakunjwa, nikampigia kuuliza nilipakie basi gani. Nyuma yake nilisikia nyundo, na yeye akicheka na mtu.

"Tayari, mama Salma?"

"Tayari. Ila pembe ya chini nimeishona vibaya. Kwa makusudi."

Nyundo ziliendelea.

"Ulitaka lichanike?"

"Nilitaka urudi."

"Mke wangu, likichanika, mimi ndiye nitakayekuwa chini yake."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningepata nafuu.

"Ifumue," akasema. "Ushone upya."

Nikaifumua. Nikashona kwa mkono, kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia sindano, mishono mitatu, na wa nne ambao hakuna aliyeuomba. Leo asubuhi nimelipeleka stendi. Kondakta alilisukuma kati ya magunia, nikamsihi asilikanyage, akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa.

Nimerudisha makochi ndani. Nimekalia kila moja.

Kinachonisumbua si ule mshono. Ni kwamba miezi yote hii sijawahi kufungua mdomo nikamwambia, Hassani, usiende. Niliona ni rahisi zaidi kuhatarisha maisha yake kwa sindano kuliko kumwomba. Mtu anafikaje hapo, ndani ya ndoa ya miaka kumi na tisa?

Ijumaa kuna basi la alfajiri la Mtwara. Nitapanda. Sijui kama nitamzuia au nitamuaga, lakini nitasema nikiwa nimesimama mbele yake, mashua ikiwa bado imefungwa.