Ulivyorudi Kwenye Msumeno

Kamwene, Yosia.

Ni mimi Zakaria, mwenzako wa kupasua mbao, wewe juu ya gogo na mimi chini shimoni nikila unga wa mbao. Nimemwoa Debora, mjane wako. Mchungaji alitufungisha ndoa mwaka wa pili baada ya kukuzika, na binti yako Neema sasa ananiita baba. Sikuandikii kuomba radhi kwa hilo. Nakuandikia kwa sababu nimekuonea wivu miezi mingi, na haya mtu hamwambii mkewe.

Mwaka jana tulipeleka boriti Makambako. Tulipokuwa tunazipakia kwenye lori, moja iliteleza ikanivunja paja. Nililala miezi saba, kwanza hospitali ya misheni, halafu hapa Njombe, kando ya moto, nikisikia wenzangu wakivuta msumeno kule msituni. Plasta ilipotolewa, niliutazama mguu wangu nikaona kama wa mtoto.

Debora ndiye aliyenisimamisha. Na hapo ndipo ulipoingia nyumbani kwangu.

Asubuhi ya kwanza aliniambia niinue mguu kitandani mara tano tu, kisha nipumzike. "Marehemu naye alianza hivihivi alipougua kichomi," akasema. Baadaye nikatembea hadi uani, halafu hadi zizini, halafu hadi kijitoni. "Marehemu hakufika kijitoni mpaka wiki ya tatu." Nikiongeza mwendo, ananishika mkono: "Ongea nami, Zakaria. Ukishindwa kuongea huku unatembea, umezidisha. Marehemu alikuwa anapunguza mwenyewe." Siku moja kutembea, siku moja kupumzika: marehemu. Maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, nirudi nyuma kidogo: marehemu!

Yosia, niliumia. Kule msituni aliyesimama juu ndiye aliyeitwa fundi, na mimi wa shimoni niliitwa msaidizi wako. Nilivumilia kwa sababu nilikupenda. Lakini kwangu, mbele ya ugali wangu, bado uko juu?

Mwezi wa Julai, asubuhi moja majani yakiwa meupe kwa baridi, Debora alikwenda sokoni. Nikachukua fimbo nikaenda msituni. Wenzangu walinikataza. Sikuwasikia. Nikapanda juu ya gogo, mahali pako, nikashika msumeno. Nilitaka siku moja tu Debora asikie kwamba Zakaria amefanya ambalo Yosia hakuliweza.

Nilivuta mpaka karibu saa sita. Mguu ukaanza kutetemeka, ukakataa, nikaanguka. Watu wawili walinibeba hadi nyumbani. Mfupa haukuvunjika tena, namshukuru Mungu, lakini paja lilivimba, nikarudi kitandani wiki mbili.

Siku hiyo Debora aliporudi sokoni alinikanda paja. Kesho yake aliponiletea uji, nilimwambia kwa uchungu, "Haya, nieleze tena marehemu alivyofanya."

Akaweka bakuli chini. "Marehemu hakufanya hata moja," akasema. "Yote hayo mganga wa misheni ndiye aliyenifundisha, nami nikamwambia marehemu. Siku ya nne akachukua msumeno wake akatoka. Nilidhani ukisikia kwamba yeye alitii, na wewe utatii."

Kisha akalia.

Naikumbuka siku hiyo. Ulikuwa umeugua wiki nyingi, nami sikujua ulianza lini kutembea. Ulitokea kwenye ukungu ukicheka, ukasema, "Nimepona, tuvute!" Nami nilifurahi. Sikukuuliza kitu. Ulikohoa mchana kutwa nikasema ni baridi tu. Kichomi kikarudi, na baada ya wiki mbili nilikuwa napasua mbao za jeneza lako.

Basi yule Yosia mtiifu niliyemwonea wivu hakuwahi kuwepo. Wewe na mimi ni wabishi wa aina moja, na mwanamke mmoja ametuuguza sote wawili.

Ungedhani wivu uliishia hapo. Haukuisha. Alilia, Yosia, miaka yote hii imepita na bado alilia, nami nililala pale nikijiuliza machozi yale yalikuwa yangu au yako. Mpaka leo sijui. Nimeamua kutomwuliza.

Sasa naanza upya. Mara tano kitandani, sasa kumi. Juzi tulifika kijitoni, nami nilipiga maneno njia nzima, mengine ya kipuuzi, ili asikie kwamba pumzi ninayo. Wenzangu wananiletea misumeno niinoe nikiwa nimekaa. Mganga akiniruhusu nitarudi shimoni, asubuhi moja moja kwanza. Debora sasa hataji jina lako kabisa. Nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo siipendi, kwa hiyo jana nililitaja mimi. Nilimsimulia Neema jinsi ulivyokuwa ukiimba juu ya gogo huku ukikosea maneno. Mama yake alicheka. Nilikuonea wivu kwa kicheko kile pia, lakini nilikuwa nakitaka.

Nakuahidi hili: Debora hatavaa tena nguo za msiba kwa sababu ya ubishi wa mume. Nitatembea kama anavyosema, hata akisema nirudi nyuma.

Pumzika, ndugu yangu. Tutaonana, ila usiningoje upesi. Nimeahidi kuchelewa.

Mimi mwenzako,
Zakaria