Ua la Zuhra Mlangoni kwa Mama

Murubona, Kasulu
14 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Zuhra,

Asalaam alaykum. Hali yako, na shemeji? Najua huko Montana sasa ni joto, usidhani kaka yako mshamba. Sisi wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua, na mimi naumwa kichwa. Cha kwangu umekiumiza wewe.

Hilo ua lako la milimani limenichosha. Uliniomba nilipande mlangoni kwa Mama ili moyo wake ulainike, maana tangu uolewe huko bila kumuaga hakutaji jina. Anakuita "yule wa mbali". Nikakubali, nani mwingine angeliweza? Mbegu ulizonitumia nikazilaza kwenye friji ya soda dukani kwangu, zipate baridi kama ya huko, kama ulivyoagiza. Wateja wakiuliza, nawaambia ni dawa ya wakubwa.

Mvua zikashika, nikapanda, likaota. Nikatangaza soko zima kwamba Kasulu nzima ua la Marekani liko kwetu tu. Watu wakaja, wakakuta kijani kifupi kuliko kisigino, kimejilaza chini, hata kuchanua bado. Khamisi fundi baiskeli akasema, "Limetoka Marekani kwa miguu, liacheni lipumzike." Wananicheka mpaka leo.

Mvua zilipokatika majani yakakauka yote. Ulishanieleza kwamba jua likizidi ua hujificha ardhini, mzizi uko hai, mvua ikirudi linaamka. Haya, mweleweshe Mama basi. Nimemweleza mpaka koo limekauka, ananitazama kama muuza dawa wa mnadani.

Na ufagio wake unaujua. Uwanjani kwa Mama haubaki hata unyasi mmoja, hata wageni wa Kibondo humsifia. Nikajua mzizi utakwenda na takataka.

Juzi nimefika, nikakuta uwanja unang'aa, ila pale mlangoni pana vumbi, majani makavu na mavi ya kuku. Hapajaguswa. Nikamwambia basi niling'oe, nipande vitunguu. Akanyanyua ufagio, nusura unipate mgongoni.

"Acha, Salumu. Zuhra wangu kasema limelala."

Nikaacha, nikawafukuza kuku pale mlangoni.

Sasa piga simu. Usinipigie mimi, mpigie yeye, Ijumaa baada ya swala. Nitakuwepo, na simu nitamshikia sikioni mwenyewe. Mmeshanichosha nyote wawili.

Shangazi Mwamvua na mke wangu Faudhia wanakusalimu sana. Mola akulinde na barafu na wasengenyaji.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Salumu